Sindano Juu ya Mkeka

Mwezi ule nilikuwa najichoma sindano za homoni tumboni kila jioni, na waliojua tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu. Daktari alisema mayai yangu hayakomai yenyewe, na dawa ile ingeyakomaza. Alinifundisha kubana nyama chini ya kitovu, kuingiza sindano bila kusitasita, kutoruka hata jioni moja, na kuitunza dawa kwenye ubaridi. Mume wangu naye alikuwa na sharti lake: mama yake asijue, maana aliona ni aibu. Nikakubali shingo upande.

Mama mkwe akaja kutoka Chiungutwa msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na dumu la juisi ya mabibo aliyoikamua mwenyewe. Mimi nilikuwa barazani, hapa Newala mjini, kwenye cherehani yangu, napinda upindo wa gauni la mteja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akapitiliza ndani kuweka juisi yake kwenye friji. Alikawia. Alipotoka alikuwa na uso mwingine kabisa, hakunisemesha, akaenda kusimama uani na kuanza kupiga simu.

Mtu wa kwetu akikuta sindano za mwanamke nyumbani hahitaji kuelezwa ni za nini. Sindano anayoijua ni ile ya zahanati, ya kupanga uzazi. Binti zake mwenyewe wanaichoma. Kwa hiyo mama wa watu alijumlisha mambo yake. Miaka yote ananitazama tumbo, ananiletea mizizi ya kuchemsha, kumbe mkwe anajifunga kizazi kwa siri na mchana anajitia huzuni! Kwa mawazo hayo hata mimi ningekasirika. Ila ningeuliza kwanza.

Aliyempigia simu ni mjomba wangu. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke akishtakiwa, mashtaka hupelekwa kwa kaka wa mama. Alasiri mjomba akafika kwa bodaboda. Mume wangu akaitwa kutoka dukani kwake. Mkeka ukatandikwa uani, na katikati yake mama mkwe akaliweka boksi la dawa yangu kama kidhibiti cha mahakamani, jua likilipiga.

"Mjomba," akasema, "mwanangu anataka mtoto. Mpwa wako anachoma hivi vitu. Naomba unieleze."

Nikanyoosha mkono nichukue boksi.

"Liache hapo hapo!"

"Mama, dawa hii haitaki jua."

"Basi ipigwe na jua mpaka iharibike!"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake utadhani ndiyo kwanza vimeota. Mjomba akamuuliza, "Mkwe, wewe unasemaje?"

"Mambo haya tumwachie Mungu," akajibu.

Tumwachie Mungu! Mtu aliyenishika bega siku ya kwanza ninajichoma, na anayetetemeka ni yeye! Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona mwilini mwangu. Nililijua boksi lile lina nini. Lilikuwa na nafasi yangu ya mwezi ule, na watu watatu ninaowaheshimu walikuwa wanaitazama ikichomwa na jua.

Nikalinyakua. Wakati wa sindano ulikuwa umekaribia, na sikwenda kujificha chumbani. Nilinawa mikono, nikakaa pale pale mkekani, nikashusha kitenge chini ya kitovu mbele ya mama mkwe na mbele ya mjomba. Mwanamke aliyechezwa unyago anajua kwamba jambo hilo halifanywi hata ndotoni. Mjomba akageukia ukutani upesi.

"We, una wazimu?" mume wangu akasema.

"Nyamaza. Ulipewa nafasi ya kusema."

Nikabana nyama, nikajichoma.

"Mama," nikasema, "hii ni ya kutafuta mimba, si ya kuzuia. Daktari aliyasema hayo mwanao akiwa amekaa pembeni yangu. Ukitaka kuitupa, itupe, lakini ujue ni mjukuu anayetafutwa humo."

Macho yake yalikuwa tumboni kwangu, kwenye madoa yaliyovilia damu ya jioni zilizopita. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ulijua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukaniacha niite watu?"

Akamsonya msonyo mrefu, nadhani na jirani aliusikia. Kuniomba radhi hakuniomba. Aliinuka, akalichukua boksi kwa mikono miwili, akalirudisha kwenye friji. Nilimpigia daktari, akaniambia muda ule mfupi haukuiharibu dawa, niendelee. Nikaendelea, na kuanzia siku ile sikumficha mtu. Wateja walionikuta najichoma wakiuliza, niliwajibu.

Mimba haikuingia. Damu ilikuja asubuhi nikiwa kwenye cherehani, nikalia hadi nikashona mkono wa gauni nje ndani, nikaufumua, nikalia tena. Sitaki kusema nilikuwa jasiri. Iliniuma sana, na hadi leo inauma nikiikumbuka.

Mama mkwe alipiga simu kunipa pole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Mjomba naye akapiga.

"Pole, mwanangu," akasema. "Usikate tamaa. Ukoo bado unamsubiri mtu kutoka kwako."

Alisema kwa upendo, najua. Ndiyo maana nilimjibu kwa upole.

"Mjomba, mtu mnaye tayari. Ni mimi. Mnihesabu na mimi."

Nikamuaga kwa adabu, nikafuta machozi, kisha nikampigia daktari kumuuliza tunaanza tena lini.