Ruhusa ya Zulmira

Felismina Trigueiros hakuwahi kumsifu mtu aliye hai. Wafu aliwasifu, tena wachache, na baada ya kuhakikisha kwamba wameshazikwa. Akitajiwa mwimbaji mwenzake wa fado, zile nyimbo za majonzi za Kireno, alivuta shali yake nyeusi begani, akabenua midomo na kusema, "Huyo? Huyo sauti yake ni ya kunadia viazi." Wapiga gita kwake walikuwa mahamali, kazi yao kubeba sauti yake kutoka mlango huu hadi ule. Watalii waliokuja kula samaki wa chumvi huku yeye akiimba aliwaita ng'ombe, akawa anafumba macho asiwaone wakitafuna. Nao, masikini ya Mungu, walidhani ni uchungu wa fado unaomfumbisha macho, wakatoka pale wakipangusa machozi.

Na yeye mwenyewe alikuwa nani hasa? Alizaliwa hapa hapa mtaani Madragoa, kwenye chumba kimoja juu ya duka la mkaa. Mama yake alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali. Baadaye, Felismina alipohojiwa na gazeti moja, mama akageuka kuwa fundi wa kushona magauni ya mabibi wakubwa. Watu wa mtaa waliusoma ukurasa ule wakacheka mpaka wakakaa chini, maana nusu yao walikuwa wameshikishwa pasi ile ile na marehemu mama yake.

Alianza kuimba akiwa na miaka kumi na tisa, Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa chama cha mtaa. Ukumbi wenyewe hauna lolote. Ni ngazi moja juu ya kinyozi, mabenchi, kabati la vikombe vya mpira na moshi wa soseji. Lakini kwenye fado, ukumbi wa nyumbani ndio unaokupa jina. Uimbe Paris, uimbe mwezini, kama mtaa wako haujakupigia makofi wewe bado ni mpita njia.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa fado hafundishwi, hukua nalo. Tuni ni za wote. Zipo tangu zamani, kila moja ina jina lake, na anayetaka anachukua. Maneno ndiyo yana mwenyewe. Mtunzi akikuandikia wewe beti, zinakuwa zako kama mswaki ulivyo wako. Mwingine akitaka kuziimba nawe umo ukumbini, sharti akufuate pale ulipoketi, ainame, aombe. Ukimkatalia, yamekwisha. Hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo, wala hakuna polisi, ila mpiga gita anayejiheshimu hagusi uzi mpaka ruhusa itolewe.

Sasa, miaka hiyo alikuwapo Zulmira. Huyu alikuwa mfuaji kwenye karo za mtaa, mikono imeumuka kwa maji, sauti nene, haimbi kwa mbwembwe. Alisimama tu akaimba kama mtu anayezungumza na jirani. Abílio fundi viatu alimpenda kwa namna yake, yaani bila kuinuka kwenye kigoda, akamwandikia beti nne kuhusu kamba ya nguo iliyobaki na shati moja. Zulmira aliziimba Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Felismina alikuwa benchi la nyuma. Kabla hajafika chini ya ngazi alikuwa amekwisha kuzinasa zote.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya Bwana Quintela, mwenye nyumba ya fado kule Bairro Alto. Quintela alimsikiliza nyimbo mbili, akauliza, "Una maneno yako mwenyewe? Mimi sitaki kasuku humu."

Felismina hakuwa na hata neno moja. "Ninayo," akasema kwa macho makavu, akaimba "Kamba ya Nguo" mwanzo mpaka mwisho.

Akaajiriwa. Mwaka uliofuata ikatoka santuri, na nyuma ya jalada pameandikwa kwamba Abílio aliyatunga maneno yale kwa ajili ya Felismina Trigueiros. Abílio aliletewa santuri, akaigeuza huku na huku, akarudi kwenye soli aliyokuwa akigonga. Mtu wa kimya yule, hadi anakufa hakusema kitu. Zulmira naye, tangu mwezi ule wa tatu, hakuimba tena mahali popote. Hapo mtaa ukajiongeza wenyewe: Zulmira kaibiwa. Wanawake wa samaki walimpisha Felismina njiani bila salamu, na mmoja alimmwagia barafu ya samaki miguuni, eti mkono umeteleza.

Je, alijuta? Thubutu. Aligeuza kila kitu kuwa dharau, maana dharau ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi. "Kama ni yake, si aje ayadai?" alikuwa akimwambia mumewe, Armindo, dereva wa tramu, mtu mwema aliyembebea mkoba miaka thelathini na kuitwa mzigo. "Yule ana maji ya sabuni kooni. Nimeyaokoa maneno ya watu." Armindo alikuwa akiitikia ndiyo, mke wangu. Alikufa akiitikia hivyo hivyo.

Aliimba Bairro Alto miaka na miaka. Mapinduzi yalipokuja na vijana wakaitemea fado mate, wakisema ni muziki wa wale waliokuwa wamekaa juu, alivuka bahari hadi Newark kuwaimbia mafundi ujenzi waliolia ndani ya bia zao. Alikwenda Paris. Alirudi na meno mapya na pua juu zaidi. Popote alipokwenda, "Kamba ya Nguo" ndiyo waliyomtaka, na kwa kweli hakuwa na nyingine ya maana. Mahali pamoja tu hakukanyaga, ule ukumbi juu ya kinyozi. Alisema una harufu. Ukweli ni kwamba Zulmira alikuwa akiishi milango mitatu kutoka pale.

Ikapita miaka arobaini na sita, mambo ndiyo hayo. Felismina akiwa na sabini na moja, Graciete, mwenyekiti wa chama, mwanamke mnene wa duka la mboga asiyemwogopa mtu, alipanda kumwona.

"Bi Felismina, tunataka kukuaga. Jumapili ya tatu, saa kumi alasiri, ukumbini kwetu."

"Kuniaga? Nani kakwambia nasafiri?"

"Husafiri, mama. Ila sauti yako imeshafunga mizigo. Juzi kule Bairro Alto ulisahau ubeti wa tatu, habari zimefika."

"Mbele ya nani? Watalii? Hao hata ningewasomea bei za vyakula wangelia."

"Basi njoo uimbe mbele ya watu."

Felismina alivuta shali yake. Alitaka kusema jambo la kukera, akalitafuta, halikuja. Alikuwa amewadharau watu hawa maisha yake yote, wauza samaki, makuli wastaafu, wajane wenye soksi nzito, na hakukuwa na makofi duniani aliyoyataka kama ya kwao. Alilijua hilo na lilimuudhi.

"Zulmira anakuja?" aliuliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa.

"Zulmira? Miguu imemkataa, mwaka wa pili huu hashuki ngazi."

"Maskini," Felismina akasema, na uso ukamnawiri kabisa.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Walikuja na supu ya kabeji kwenye masufuria, soseji, madumu ya divai. Felismina alisimama mbele ya wapiga gita wawili, shali begani, akawatazama watu kama mkaguzi wa nyama. Nyimbo tano za kwanza aliziimba vizuri, tusimnyime haki yake. Makofi yalikuwa ya adabu. Watu walikuwa wakisubiri ya mwisho, naye alijua, na alikuwa ameipanga hivyo ili watoke nayo mlangoni.

Graciete alipunguza taa. "Kimya jamani, fado inaimbwa," akasema. Ukumbi ukanyamaza. Na ndipo mlango ukafunguliwa.

Aliingia Zulmira, amevaa viatu vya sufu vya ndani, mkono mmoja kwa mjukuu wake wa kike, mwingine kwa kinyozi wa chini. Walimpandisha hatua kwa hatua. Benchi la mbele zima lilisogea, akaketi, akaweka mkoba magotini.

Felismina alimgeukia Baltasar, mpiga gita mkuu, mzee wa miaka themanini mwenye vidole kama mizizi. "Kamba ya Nguo," akanong'ona. "Tuanzie noti ya La."

Baltasar aliweka kiganja juu ya nyuzi, akaubana ule mlio kabla haujazaliwa. "Mwenye maneno ameingia," akasema.

"Piga."

"Nenda kamwombe."

"Baltasar, miaka arobaini na sita naimba wimbo huu."

"Sijakukataza. Nimesema mwenyewe kaketi pale, hata hatua sita hazifiki."

Kwa vile kimya kilikwisha kuombwa, kila neno lilisikika hadi kwenye ngazi. Felismina alipiga hesabu zake. Akiimba wimbo mwingine, wataelewa. Akiondoka, wataelewa zaidi. Akiimba bila gita, watamzomea, na Madragoa ikimzomea mtu inamzomea hadi kaburini. Akaogopa. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuwaogopa matajiri wa Paris, aliwaogopa vikongwe wa soksi nzito.

Alikwenda. Hatua sita zile alizitembea kama mtu anayepelekwa. Alipofika aliinama, na mgongo ukalia.

"Zulmira."

"Ndiyo. Umekonda."

"Naomba ruhusa," Felismina akasema. Kisha akaendelea, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Naomba ruhusa niimbe maneno yako. Nilikuchukulia bila kukuuliza. Miaka yote hii."

Mwanamke mmoja alijikuta ameshika mkono wa mume asiye wake. Zulmira alimtazama mwenzake, mdomo wazi kidogo, kama aliyeulizwa habari za nchi ya mbali.

"Maneno yangu yapi?"

"Kamba ya Nguo."

"Ah. Yale ya Abílio." Zulmira alicheka, kicheko kidogo tu cha kwikwi. "Yale si yangu, shoga. Nilimrudishia Jumatatu yake. Nilimwambia, Abílio, beti zako hazina chumvi. Shati liko kwenye kamba siku tatu, kwa nini mwanamke asilianue? Mvivu? Mimi mfuaji naimbaje upuuzi huo, wenzangu wakinicheka karoni?"

Mtu nyuma alitoa sauti, akajiziba mdomo.

"Nikamwambia, mpe Felismina," Zulmira akaendelea, bila ubaya wowote, "yule haangalii anachoimba. Akasema atakupa. Kwani hakukupa?"

Felismina alikuwa bado ameinama. Kumbe miaka arobaini na sita alikuwa ameficha wizi wa kitu kilichokuwa njiani kuletwa kwake, tena kama makombo. Alikuwa amepishwa njiani, amemwagiwa barafu, ameukimbia ukumbi wa nyumbani, kwa ajili ya beti ambazo mfuaji alizisukuma kando. Na alizisukuma kwake yeye, kwa jina, kwa sababu ya namna anavyoimba.

"Na kuimba uliacha kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Nilichoka, mama. Ufue wiki nzima, Jumapili nayo usimame upige kelele? Nilitaka kulala."

"Basi niimbe?"

"Imba, imba," Zulmira akasema, akampapasa mkono. "Si umeshavaa."

Alirudi mbele. Baltasar aliinua kiganja, gita likaanza, na hapakuwa na pa kukimbilia. Aliimba beti zote nne. Alipofika kwenye shati aliyasikia maneno kwa masikio yake mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza, na mfuaji alikuwa amesema kweli. Lilikuwa shati lisiloanuliwa tu, hakuna zaidi. Alilivuta, akalilia, akalipandisha juu alivyolipandisha Newark na Paris, sauti ikapasuka mahali ambapo haikupangwa kupasuka, akamaliza.

Zulmira alipiga makofi matatu ya adabu, kisha akamgeukia mjukuu wake kumwuliza kama supu imebaki. Wengine walisimama. Wauza samaki, makuli, wajane, kinyozi, hadi waliokuwa kwenye ngazi, wote walisimama wakampigia makofi marefu, wengine wakimwita jina. Madragoa ilikuwa ikimpigia hatimaye. Felismina aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hata uso mmoja wa kuuamini, asiupate, kwa sababu wote walikuwa wamemsikia Zulmira.