Bafle Ndani ya Mafunjo

Bunia nzima, ukisikia harusi inayotikisa vioo vya madirisha, usiulize, ni sono yangu, mitambo yangu ya sauti. Nilitoka shule darasa la nne, na leo nina bafle, spika kubwa kuliko kabati, mikro zisizo na waya, jenereta, na pikapu nyekundu ya kuzibeba. Sikurithi hata nyundo. Nilianza kwa kutengeneza radio za watu chini ya mwavuli pembeni ya soko. Wakubwa wa serikali na wa makanisa wamesema ndani ya mikro zangu, na hakuna hata mmoja ambaye sauti yake ilikwaruza. Nayasema haya kwanza ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshindwa na ndege mdogo.

Mtafiti alifika kwenye depo yangu ya vyombo kiangazi hiki. Binti wa Kisangani, miwani usoni, buti za mpira zenye tope kavu, na mkononi kibafle kidogo kama kipande cha sabuni.

"Papa, walinielekeza kwako. Wanasema weye ndiye mukubwa wa sauti."

"Hawakukudanganya. Iko harusi ya nani?"

"Ya ndege," akasema, wala hakucheka.

Kibafle chake kilikuwa kimeingia maji kule bondeni, upande wa Kasenyi. Akanieleza kazi yake. Pale ambapo nyasi za tambarare zinakutana na maji ya ziwa kuna mafunjo, na ndani ya mafunjo anaishi ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye kilemba cha njano. Haishi mahali pengine. Dume na jike wanaimba wimbo mmoja: dume anaanza, jike anamalizia, haraka mpaka unadhani ni koo moja. Ukitaka kuwapata unapiga wimbo wao kwenye bafle, nao wanakuja pamoja kumfukuza mgeni.

Shida ni kwamba mafunjo yalikuwa karibu kwisha. Watu waliokimbia vita kutoka Djugu walikuwa wamejaa tambarare yote. Walikata mafunjo kwa kuezeka, wakachoma mashina, wakapanda viazi vitamu. Kilibaki kipande kimoja cha mafunjo. Chefu wa kijiji alikuwa amemwambia binti: kama bado iko jozi, mama na baba, kipande kitaachwa mpaka walee watoto. Kama haiko, wanawake watakata kabla ya mvua.

"Yeye si mubaya, Papa," alisema. "Watu hawana nyumba."

Kibafle nilikitengeneza kabla chai haijapoa. Lakini nikamwambia nitashuka naye mwenyewe, maana sauti ya porini si kitu cha kumwachia kila mtu. Watoto wangu walidhani ni majivuno, na yalikuwepo. Ila mke wangu alizaliwa kwenye tambarare ile, na tangu tumzike mwaka jana sikuwa nimeshuka tena barabara hiyo. Amplifaya yangu ya kwanza aliinunua yeye, kwa mikeka ya mafunjo aliyosuka na kuuza. Nimesema sikurithi kitu. Sikusema sikusaidiwa.

Nilichukua na bafle kubwa, kwa heshima. Wanawake wenye mapanga walituona tukishuka kwenye pikapu. Mmoja, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, akapaza sauti:

"Eh, Papa sono! Umekuja kuchezesha vyura?"

"Vyura wa hapa wanalipa vizuri kuliko weye, mama!"

Wakacheka wote. Binti hakunikubalia kushusha bafle kubwa. "Hiyo ukiipiga, ndege wote watahamia Uganda."

Tukaingia na kile kidogo, maji yakifika magotini. Tulipiga wimbo, tukanyamaza. Akaja mmoja. Mzuri kweli, kifua kama kaa la moto. Binti akanishika mkono: ngoja. Tukangoja. Tukasogea, tukapiga tena, akaja yuleyule.

Shule sina, lakini masikio ninayo. Ndani ya mashine wimbo uliorekodiwa una vipande viwili: kwanza mluzi wa kuvuta, wa dume, kisha mkwaruzo mfupi wa jike, kama mbegu kavu ndani ya kopo. Huyu alipiga mluzi, akaacha. Mkwaruzo haukuja. Akapiga mluzi, akaacha.

"Mwenzake iko wapi?" nikauliza.

Alifuta miwani yake. "Wakiwa wawili, Papa, wanakuja wawili."

Tuliporudi kwenye pikapu akaniambia chefu atakuja kesho kusikia kwa masikio yake. Nikamwambia: hapo ndipo umefika kwa fundi. Naweza kukata mluzi kwenye mashine nikaacha mkwaruzo peke yake. Kibafle nakificha ndani ya mafunjo, waya mrefu, mimi nakaa mbali, kidole kwenye kitufe. Ndege anaanza, mimi namalizia. Chefu atasikia wawili.

"Huo si utafiti, Papa."

"Hapana. Hiyo ni sono."

Akatazama maji. Kisha akaniachia kibafle.

Kesho yake chefu alikuja na wanawake nyuma yake. Ndege akapiga mluzi. Nikabonyeza. Mkwaruzo ukaingia pale pale, msafi, bila kuchelewa, na nakuambia hakuna mtu mwingine Ituri angeweza kuuingiza vile.

Ndege akanyamaza kabisa. Kisha akapiga mluzi tena, haraka haraka. Nikajibu.

Chefu akainua mkono. "Iko mbili. Nimesikia."

Kazi ilikuwa imekwisha, ningeweza kuacha hapo. Lakini ndege alikuwa anashuka. Aliruka shina hadi shina, akapotea, akatokea na kiwavi wa kijani mdomoni. Akatua juu ya kibafle nilichoficha. Akainama hadi kwenye vitundu vinavyotoa sauti, mabawa yanatetemeka, akamsukuma yule kiwavi ndani ya kitundu. Kiwavi hakuingia. Akasukuma tena.



Miezi michache baada ya mazishi, binti yangu alifungua kwenye simu video ya harusi ya binamu yake. Mimi nilikuwa naoga. Nikasikia mke wangu anacheka sebuleni. Nilitoka na sabuni machoni, taulo mkononi, nasema, "Umefika? Mbona umechelewa hivi?" Watoto wakanitazama. Binti yangu akaficha simu chini ya mto wa kiti.

Yule mama wa kitambaa cha kijani, aliyenitania juu ya vyura, alikuwa amemwacha mumewe njiani wakitoroka Djugu, chini ya udongo. Akasogea karibu yangu.

"Papa," akasema polepole, "zima iyo kitu."

Nikazima.

Chefu alitazama kibafle, akafuata waya kwa macho mpaka kwangu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kumbe iko moja."

"Iko moja, Chefu."

"Basi unajua nilisema nini."

"Najua."

Yule mtafiti alikunja waya bila kunitazama. "Bila mafunjo hata huyu hataishi."

"Najua."

"Ungemwacha ndege adanganyike, Papa. Mpaka mvua tu. Labda jike angetokea mahali."

Nikashika ncha ya pili ya waya, nikakunja naye. Labda yeye ndiye alikuwa na haki.

Yule mama akawaambia wenzake, "Tuanzie kule mbali." Wakazunguka, wakaingia majini.

Ndege alikuwa amepanda juu ya shina refu, kiwavi ameanguka. Akapiga mluzi, akaacha nafasi ya mwenzake. Panga likalia ndani ya nafasi ile. Akageuza kichwa upande wa sauti, akapiga tena, akangoja, na panga likalia tena.