Homa Aliyotoka Nayo Kismayu

Kimeu wa mtaa wa Tena alikuwa dereva wa lori, dereva kwelikweli. Mwaka wa tisini na tatu alipeleka mahindi ya msaada Kismayu, akarudi na homa. Macho yalimuuma kwa ndani, mifupa ikawa kama imepondwa, kisha mwili mzima ukatoka vipele. Alimeza dawa za malaria hadi masikio yakavuma, homa haikujali.

Mdogo wake Kyalo ndiye aliyempeleka kliniki. Huyu Kyalo, Kimeu ndiye aliyemtoa kijijini kwao Mwala, akamfanya tanboi wake, msaidizi wa kwenye lori, na kumfundisha kushika usukani. Siku ile Kimeu alikuwa hajitambui, hakusikia lolote. Baadaye alipouliza, Kyalo aliangalia sakafu. "Pumzika tu, brathe. Daktari hakusema kitu."

Miaka ile dereva wa safari za mbali akikonda, mtaa ulikuwa umeshamhukumu. Majirani waliacha kubisha hodi. Wavinya, mkewe, alimtengea kikombe na sahani, akawa analia akiviosha. Kimeu aliona, akameza uchungu. Alidhani ni umbea wa mtaa tu.

Miguu ilipopata nguvu alikwenda kazini, akakuta lori lake linatoka getini, Kyalo kwenye usukani. Hata honi hakumpigia. Meneja alimsimamisha mlangoni.

"Pole, Kimeu. Ndugu yako mwenyewe ametuambia una ukimwi. Enda upumzike."

Ndugu wa tumbo moja, jamani! Kimeu alielekea kliniki moja kwa moja, apimwe damu akawatupie majibu usoni. Daktari alimshangaa.

"Ukimwi gani? Ulikuwa na dengi, ile watu wa pwani huita kidingapopo. Wengi wanarudi nayo kutoka huko. Inaletwa na mbu anayeuma mchana, na huyo huzaliana kwa maji mnayoweka nyumbani. Nilimweleza ndugu yako yote. Nikamwambia mfunike mapipa, mbu wasikuume wakaipeleke kwa wengine."

Kimeu alitoka hapo hadi chumba cha Kyalo, nyuma ya ploti ya Kimeu mwenyewe. Mifereji ya Tena ilikuwa mikavu kama kawaida, na kila mlango ulikuwa na pipa la maji. La Kyalo lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha neti, kimekazwa kwa mpira wa tairi, na juu yake kifuniko cha mbao. Alisimama pale mpaka Kyalo akarudi na funguo za lori mkononi.

"Pipa umelifunga vizuri," Kimeu akasema.

"Ni mbu, brathe."

"Langu liko wazi tangu niugue. Watoto wangu wanashinda wakicheza hapo kando yake. Mbona hukuniambia hata nilifunike?"

Kyalo alitia funguo mfukoni.

"Ningekuambia ufunike, ungeniuliza ni kwa nini."