Chai ya Zuzu Ndani ya Kompyuta

Chekeni, ndugu zangu, maana hata mimi ningesimuliwa haya kuhusu mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini, lakini kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe, mbele ya mgeni rasmi na ukumbi mzima wa watumishi wa serikali waliovua viatu, basi naomba mcheke taratibu. Aibu ile bado ninayo. Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi hapa Dodoma, navuka barabara.

Zilikuwa enzi ambazo kompyuta bado ngeni mjini, zinafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na huruhusiwi kuingia chumba chenyewe mpaka uvue viatu (eti vumbi la Dodoma litaingia kwenye diski, na sisi wenye soksi zilizotoboka tukawa tunatambuana kwa vidole). Mimi nilikuwa nafundisha kuchapa kwenye kituo cha kompyuta cha Mama Shayo, mama mmoja aliyehamia mjini kwetu milango ya biashara ilipofunguliwa, mkali ajabu, lakini akishashiba ana huruma. Siku moja rafiki yangu Kessy, fundi wa kompyuta, akaniwekea gemu la treni. Unaendesha kichwa cha treni, unapiga honi, unasimama stesheni. Treni yenyewe ya Ulaya, sawa, lakini treni ni treni, na mimi nimezaliwa Zuzu, nje kidogo ya mji, nyumba yetu imetazamana na reli.

Mama yangu aliuza chai pale stesheni. Treni ikisimama anakimbia chini ya madirisha na birika lake na vikombe vya bati, abiria anakunywa haraka haraka, anarudisha kikombe, na akizubaa kidogo tu treni inaondoka nacho. Vikombe vyake alivitia doa la rangi nyekundu kwenye kitako ili avitambue, na bado viliishia Tabora na Kigoma huko. Wakati Kessy ananiletea lile gemu mama alikuwa ameshafariki, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, ambayo mjomba aliirekodi palepale stesheni siku alipokuwa anajaribu redio yake mpya. Basi nikapata wazo. Hili gemu nitalibadilisha: kibao cha stesheni kiandikwe Zuzu, majani yale ya Ulaya niyaondoe niweke udongo wetu mwekundu, na treni ikisimama tu, mama asikike akiuza chai. Nilikuwa na hamu naye mno. Nilitaka nifike stesheni, hata kama ni kwenye kioo cha kompyuta, nimkute yupo.

Kessy alinikanya. "Yona, usilipue kazi," alisema. "Gemu liwe safi kwanza. Hili lililomo lishachezewa, lifute lote, uliweke upya kutoka kwenye sidii, uliwashe mara moja, ulizime, halafu nakili folda nzima uiweke pembeni. Ukiharibu, unarudi kwenye ile safi. Na usitie humo kitu chako chochote mpaka umalize hayo."

Nikatii kama mgonjwa anayefuata masharti ya dawa. Nikafuta, nikaweka upya, nikawasha, nikazima, nikanakili. Shida ni kwamba diski ilikuwa ndogo, na gemu pamoja na nakala yake safi vikaijaza karibu yote. Sauti ya mama nilikuwa nimeshaiingiza kwenye kompyuta (redio iliutafuna mkanda wa kaseti nilipomaliza tu, nikacheka, nikasema haidhuru, si imo kwenye kompyuta?). Sasa, wakati nahangaika na kibao na udongo, nikataka nimsikie kidogo tu, na hapo ndipo nilipojiponza: nikaichukua ile faili, na kwa kuwa nafasi ilikuwa haba sikuinakili, niliihamisha, nikaiweka badala ya ule mlio ambao kompyuta hutoa mtu akikosea. Nakala safi ya treni ya Wazungu ninayo, imelala pembeni salama salimini. Ya mama yangu, hakuna.

Lakini jamani, mnaujua utamu wake? Ukibonyeza pasipostahili, mama anaita. Wiki ile nilikosea kuliko wanafunzi wangu wote, nafungua sidii ambayo haimo, mama, naita faili ambayo haipo, mama, mpaka binti mmoja darasani akaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe ukikosea unatabasamu?"

Kumbe Mama Shayo amepata kazi ya kuendesha semina ya kompyuta kwa watumishi, na asubuhi ya semina, kabla sijafika kazini, akabeba mashine ileile maana ndiyo pekee iliyokuwa inatoa sauti vizuri. Nilipofika ukumbini nikaikuta mezani, kitambaa kimevuliwa, imeunganishwa na spika kubwa za kukodi, zile za harusini. Nikajipa moyo kwamba mradi hakuna atakayekosea, mambo yatakwenda sawa (watu ambao walikuwa wanaigusa kompyuta kwa mara ya kwanza maishani, halafu mimi nategemea wasikosee).

Mgeni rasmi alikuwa Mzee Omari, mzee wa Kondoa mwenye cheo kikubwa, kanzu safi, kofia nyeupe ya kufuma. Akaombwa abonyeze kitufe kuizindua semina. Akabonyeza, tena siyo chenyewe, na spika zikafunguka.

"Mbukwenyi wasafiri! Chai! Chai ya tangawizi, bado ya moto!"

Ukumbi mzima uligeukia mlangoni. Wagogo wawili watatu wakaiitikia kabisa salamu ile ya kwao, "Mbukwa!" na watumishi, ambao walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu asubuhi, wakainuka kwenda kutafuta viatu vyao, huyu kavaa cha yule, yule anauliza nani kachukua cha kushoto. Mama lishe aliyepewa kazi ya chai akaingia mbio, amefura.

"Nani kaleta chai nyingine? Si tulikubaliana ni mimi?"

Na ili kuonyesha kwamba chai ni yake, akaanza kuigawa palepale, akianzia na mgeni rasmi. Mama Shayo akaninong'oneza huku ameuma meno, "Yona, nini hiki?" Nikamjibu ni hitilafu ya umeme. Mzee Omari, kikombe mkono mmoja, akanyoosha mkono wa pili aondoe lile onyo kwenye kioo, akabonyeza penye makosa tena, na safari hii kila mtu alikuwa kimya anasikiliza, sauti ikaenda mpaka mwisho, mpaka pale ambapo treni inapiga honi na mama anaanza kukimbia.

"We mzee mwenye kofia! We! Rudisha kikombe changu!"

Mzee Omari alikitazama kikombe, akakitua mezani polepole. Hapo ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakaegemeana, mama lishe akajifuta machozi kwa kanga, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye zile soksi.

"Futa!" Mama Shayo akapiga kelele. "Futa hicho kitu sasa hivi, wote tunaona!"

Nikafuta. "Na kwenye pipa la taka!" Nikalimwaga na pipa. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, nami kwa aibu nikabonyeza ndiyo bila hata kusoma.

Ndipo nikaona kwamba mgeni rasmi peke yake hakucheka.

"Kijana," akasema, "hebu irudie."

"Shikamoo mzee, samahani sana, nimeshaifuta."

"Yule si mama wa Zuzu? Nimesafiri na treni ile miaka na miaka. Yuko wapi siku hizi?"

"Ni mama yangu, mzee. Alifariki."

"Inna lillahi," akasema, akaivua kofia, akaishika mkononi. "Kikombe chake kimoja ninacho nyumbani. Kweli aliniita, ila treni ilikuwa imeshaondoka."

Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza palepale alipokosea mwanzo. Kompyuta ikanyamaza. Akabonyeza tena, kimya, na nikatamani kulia mbele ya watu wote wale, nikashindwa hata hilo.

Baada ya muda dereva wake akaniletea kifurushi kituoni. Kikombe cha bati, doa jekundu kwenye kitako.

Gemu nililimaliza, jinsi Kessy alivyoelekeza. Nimeapa, kitu cha mtu ninayempenda sikihamishi tena kabla sijakinakili, hata kama diski imejaa pomoni. Lakini kiapo hicho nimekula nimechelewa. Jioni nikiendesha ile treni namimina chai ya tangawizi kwenye kikombe cha mama, nafika Zuzu, nasimama. Hakuna anayeita. Taa inageuka kijani, gemu linanionya kwamba nachelewesha abiria, nami naendelea kusimama.