Mtungi Uliovaa Sweta

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu na kitambi, na tangu siku hiyo hakuna jambo duniani nisilolijua. Kwa hiyo watu wa zimamoto walipopita Elerai kukagua majiko ya migahawa, sikutetemeka. Aliyeingia kwenye mgahawa wangu alikuwa afande wa kike, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Alitazama jiko, akatikisa kichwa, akaandika: gesi ihamishiwe nje, pazia la karibu na jiko liondoke, na ununuliwe mtungi wa kuzimia moto utundikwe mahali pa wazi.

"Narudi Alhamisi. Nikikuta hivi, nafunga."

Mgahawa ule ndio ulikuwa unatulisha. Ukifungwa, hata paka angehama. Nikafanya yote, mtungi ukakaa ukutani mwekundu kama nyanya za Ngaramtoni.

Ila nilimsahau mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Oldonyo Sambu kuwaona wajukuu, na kwake kitu kisichofunikwa kitambaa kiko uchi. Redio yetu ina kitambaa, kochi lina kitambaa, nadhani hata vitambaa vina vitambaa vyao. Jumatano nilipokuwa sokoni akaufumia mtungi sweta la kijani, shingoni mpaka miguuni, kamba nyuma zimefungwa mafundo ya kuzuia dume la ng'ombe. Juu akachomeka maua ya plastiki.

Niliporudi nikaona. Mkwe habishiwi. Nikasema, "Asante mama, umependeza."

Alhamisi afande akaja na kikaango kikuukuu. Akakiweka uani, akamimina mafuta, akawasha. Wateja wakatoka na sahani zao mkononi.

"Haya, zima. Mtungi uko wapi?"

"Ule pale, afande."

"Pale naona maua."

Nikaukimbilia. Nikavuta kamba, fundo likakaza. Nikatumia meno. Mteja mmoja mwenye chapati mdomoni akapiga kelele, "Mvue koti basi, mgonjwa anasikia joto!" Nikaangalia kisu, nikamwangalia mama mkwe, kisu nikakiacha palepale.

"Baba, taratibu," akasema. "Nimefuma siku nzima hilo."

Moto ukawa unapanda, naapa ulikuwa unakaribia kilele cha Meru. Nikaona ninunue muda kwa elimu.

"Afande, kitaalamu moto unahitaji vitu vitatu: joto, hewa, na..."

"Na wewe unahitaji kimoja tu. Mtungi!"

Mama mkwe akasonya. Akavua blanketi lake la kimasai begani, akalizamisha kwenye beseni la kuoshea vyombo, akalikamua mpaka likaacha kudondosha maji. Akaenda polepole kama anapeleka sadaka, viganja vimejificha nyuma ya blanketi, akalilaza juu ya kikaango kuanzia upande wake kwenda mbele. Moto ukafa bila hata kuaga.

"Usifunue, mama!" afande akasema.

"Kwani nifunue nina haraka gani? Si nyie wa zimamoto mlitufundisha kanisani, baada ya ibada? Huyu mkwe wangu alikuwa nje anamfundisha mchungaji fizikia."

Wateja walicheka mpaka wali ukamwagika. Mimi nilicheka kwa heshima, macho yangu yako kwenye kalamu ya afande.

"Jiko limefaulu," akasema. "Wewe umefeli. Mtungi uvuliwe sasa hivi, na msimamizi wa moto hapa naandika mama."

Mama mkwe akagusa yale mafundo kwa vidole viwili. Yakafunguka yote kama yalikuwa yanamsubiri yeye.

Alikuja kwa wiki mbili. Sasa ana cheo, haondoki. Anakaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, blanketi magotini, ndoo ya maji ya kulilowesha pembeni, na kila nikimimina mafuta ananiuliza kwa upole mwingi, "Baba, hebu nikumbushe, vile vitu vilikuwa vingapi?"

Sweta limerithiwa na chupa ya chai. Linaipwaya, lakini hakuna anayethubutu kusema.