Chuma ya Dume kwa Stering

"Hapana baba, kushikilia dume si sawa na kushikilia magurudumu," nilimwambia, na sikujali fundi alikuwa anasikia. Baba alikuwa ametoka tu kusema hiyo chuma imefunga ng'ombe wetu miaka yote na haijawahi kupinda, sasa mimi naogopa nini?

Tulikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Mogogosiek. Wiki hiyo mvua ilinyesha vibaya, na baba akirudi kutoka kupeleka majani chai, gurudumu ya mbele ya pikapu ikaingia kwa mtaro. Tairodi ikapasuka. Tairodi ni ile chuma iko chini, inashikanisha magurudumu mbili za mbele ndio ukikata stering zigeuke pamoja. Mpya haikupatikana hapa, na mtu wa spea wa Kericho alisema kwa simu tungoje iletwe. Nani angengoja? Kesho yake ilikuwa koito ya ndugu yangu mkubwa, ile siku ya kwenda kwa kina msichana kuzungumza mahari. Kwa hivyo baba alienda kwa boma, akang'oa kile kipande cha nondo tulikuwa tumepigilia chini cha kufungia dume, akaita trekta ya jirani itukokote mpaka kwa fundi. Alitaka katikati ya tairodi ikatwe, nondo iwekwe hapo.

Kwetu ndivyo watu wanapima chuma. Ikishinda dume, imeshinda kila kitu.

"Dume inavuta upande moja," nilisema. "Na ikichoka inalala. Gurudumu inasukuma huku na huku, kila shimo, kila jiwe." Niliokota waya ya fensi pale chini, nikaikunja huku, nikaikunja kule, mpaka ikakatika. "Umeona? Na sijatumia nguvu."

"Hiyo ni waya," baba akasema.

Fundi alicheka mpaka akatoa miwani. "Madam injinia! Form Four umemaliza juzi na tayari unataka kufunga karakana yangu?"

"Sikatai kazi yako, nakataa hiyo chuma. Nondo ni ya kukaa ndani ya simiti, itulie. Ya gari imetengenezwa ikijua itatikiswa."

"Sista, nitachoma mpaka ndani. Ukitaka nitaongeza ingine kando yake."

"Geti yetu pia ulichoma mpaka ndani. Ilivunjika, na si pale ulichoma, ni kando tu yake."

"Geti ni geti," baba akasema.

"Na haiendi mahali, baba! Imesimama tu na bado ikavunjika."

Nikamgeukia fundi. Nilimuuliza, sasa bila makelele, kama yeye mwenyewe anaweza kubeba watoto wake na hiyo gari mpaka Sotik. Akarudisha miwani kwa macho. "Mimi nafanya chenye mwenye gari ameniambia." Baba naye akaniambia niende nikae ndani ya gari, na vile aliniita "lakwet", mtoto, nikajua maneno yangu yameisha.

Fundi alipomaliza aligonga na nyundo, ting, ting. Baba akazungusha stering, magurudumu yakageuka vizuri.

"Si unaona?"

Sikuona. Chuma yoyote itageuza gari yenye imesimama.

Tulirudi nyumbani polepole, baba akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimeshika mlango kama mtu anataka kuruka. Chenye kilinisumbua zaidi ni kwamba labda baba alikuwa amesema kweli. Labda ingeshika leo, na kesho, na mwezi mzima. Ingevunjika hapo hapo mbele ya nyumba yetu, kwa tambarare, ningeshukuru Mungu. Lakini barabara ya kwenda kwa kina msichana inapita kiwanda cha chai halafu inashuka mpaka mtoni, chai huku na huku, na kabla ya daraja kuna kona. Nyuma ya pikapu wangekaa mama, kogo, nyanya yetu, na mashangazi, wakiimba.

Nilimpata mama jikoni, anasafisha kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, cha kupelekea wakwe.

"Mama, kesho msipande hiyo gari."

"Na tuende na nini?"

"Matatu. Boda. Hata miguu."

"Baba yako aingie kwa wakwe na boda kama muuza mayai!" Alicheka peke yake. Mimi sikucheka, na aliponiangalia akaacha. Akauliza, "Hiyo kitu ikivunjika, gari inaenda wapi?"

"Gurudumu moja inaangalia huku, ingine inaangalia kule. Unashika stering na hakuna chenye unashika."

Akamwaga maji ya kibuyu nje ya mlango.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mpaka akanifukuza."

"Nikikataa kupanda," mama akasema, "nitakuwa nimemwambia mbele ya ndugu zake kwamba simwamini. Na siku ya koito." Akaweka kibuyu chini. "Enda unipigie pasi ile nguo ya bluu."

Hiyo ndiyo iliniuma. Angesema najifanya kujua, ningekasirika tu na kulala. Lakini aliniamini. Aliniamini na bado angepanda, na angempandisha kogo kwanza, amshikie mkono, amtafutie mahali pazuri pa kukaa.

Nilipiga pasi ile nguo nikiwa na hasira mpaka karibu niichome kola. Na hapo ndipo niliamua. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kwenda kukamua, nitaingia chini ya pikapu na spana. Nilikuwa nimemwangalia fundi vizuri akifungua ile iliyopasuka, kabla baba anitume ndani ya gari: unatoa pini, unafungua nati, unagonga ncha na nyundo mpaka zitoke. Nikishaitoa sitaificha. Nitampelekea baba mwenyewe kwa mkono wangu, kabla wageni wafike, nimwambie ni mimi nimeitoa na sirudishi. Akasirike vile anataka, halafu apigie mtu wa matatu simu.