Mguu Mmoja Uliovimba

Ninamshukuru Mungu aliyeniweka miaka mingi kando ya vitanda vya wagonjwa, na uzeeni akaniachia kumbukumbu. Sifa ni zake kwanza. Maneno yangu yafuate.

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi, katika kituo cha afya mlimani juu ya mji wa Katana, mkuu wa kituo, tuliyemwita Titulaire, alinikuta nikiutazama mguu wa mgonjwa uliovimba.

“Mademoiselle, mugonjwa iko na miguu mbili,” alisema. “Ile ingine Mungu alimupa ya kupamba?”

Akanipa utepe wa kupimia, kama wa mafundi cherehani, akanifundisha kupima mashavu ya miguu yote miwili. Ikivimba yote, fikiria moyo au figo. Ukivimba mmoja, ukawa na joto na maumivu, ogopa bonge la damu lililoganda ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Usiukande kamwe. Bonge likikatika husafiri hadi mapafuni, na mtu anaweza kufa katikati ya mazungumzo.

Wiki ile ile Titulaire alikwenda Bukavu kuchukua chanjo, nikabaki peke yangu. Asubuhi akaja Furaha, aliyejifungua siku nane kabla, pamoja na mama mkwe wake. Mguu wa kushoto wa Furaha ulikuwa umevimba. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji moto na mawese, na mama yule alisifiwa mlima mzima kwa mikono yake. Alimpa mwanamke aliyekuwa karibu yule mtoto mchanga, akaketi kwenye benchi la kungojea, akaanza kuukanda mguu ule kutoka kifundo kwenda juu, kwa nguvu.

Niliona. Nilijua. Nikanyamaza. Kumkataza mama wa umri ule mbele ya watu kulinishinda. Nikajifanya ninatafuta kadi.

Ndipo Furaha akakohoa. “Maman, kifua inanichoma. Pumzi haifike.”

Niliruka nikamshika mama yule mikono yote miwili.

“Acha! Usiuguse tena!”

Mama mkwe akainua uso.

“Weye mutoto,” alisema, “umezaa wangapi?”

“Sijazaa, Mama.”

“Basi tuachie sie wenye kuzaa.”

Watu wakacheka. Sikuiachia mikono yake.

“Mama, damu imeganda humu ndani. Ukiikanda, itapanda kwenye mapafu. Tutamupoteza.”

Kicheko kikaisha. Nilipima: shavu la kushoto lilizidi la kulia kwa sentimita nne. Furaha alitaka kusimama. Nikamkataza hata hatua moja. Wanaume wanne wakambeba kwa kipoyi, machela yetu ya miti, hadi hospitali iliyo chini ya mlima, mama mkwe akifuata na mtoto mgongoni. Nilitembea kando ya Furaha, vidole vyangu kwenye mshipa wa mkono wake uliokuwa ukipiga mbio. Rozari ilikuwa mfukoni. Sikuwa na mkono wa kuishika.

Daktari alianza mara moja sindano za kuzuia damu isizidi kuganda.

“Kipande kimeshafika mapafuni,” aliniambia. “Tungoje.”

Tulingoja siku tatu. Mama mkwe aliketi kando ya ukuta, mtoto mapajani, mikono ameificha ndani ya kitenge.

“Ni mimi nilimufanya hivi?” aliniuliza.

Ningeweza kumwachia mzigo wote.

“Nilikuona unaanza, Mama. Nilijua ni hatari. Nikanyamaza kwa kukuogopa.”

Akaitoa mikono kwenye kitenge, akaniwekea mtoto mapajani.

“Basi tumungojee pamoja.”

Siku ya nne Furaha aliketi kitandani, akaomba mtoto wake anyonye.

Baadaye nilitumwa Luvungi, kisha Nyawera, sokoni Bukavu, ambako nilipima miguu ya wachuuzi na wabeba mizigo hadi nilipostaafu. Wakubwa wangu walinikaripia mara nyingi kwa kuwakatiza wazee. Niliomba radhi kila mara, ila baada ya wazee kuacha kumkanda mgonjwa.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde na wote wa nyumba yako, na akupe moyo wa kusema mapema.